Kabla ya Kumwita Farasi Mkorofi

Leo nataka tumzungumzie mnyama ambaye wengi wetu humwona kwenye televisheni tu, au Jumapili ya mbio pale Ngong Road, Nairobi. Farasi. Wala simkusudii yule anayepigwa picha na mshindi huku amevishwa utepe. Namkusudia yule aliyekwisha haribika: anayemng'ata saisi, anayesimama kwa miguu ya nyuma mara mpandaji anapotia mguu kwenye kikuku, anayefika mbele ya kizuizi akakita kwato chini na kukataa katakata. Penye farasi wengi hakosi mmoja wa namna hiyo, na majina yake hayana idadi. Mkorofi. Kichaa. Ana shetani. Je, mnyama huyo anatengenezeka akapandwa tena, akarudi hata mashindanoni? Mimi nasema wengi wao wanatengenezeka, ila pale pa kuanzia ndipo watu wanapopakosea.

Twende kwanza Tokyo, tarehe 6 Agosti 2021. Ilikuwa Olimpiki, pentatlo ya kisasa, upande wa wanawake. Mchezo huo wakati ule ulikuwa na mambo matano: vitara, kuogelea, kupanda farasi na kuruka vizuizi, kukimbia na kulenga shabaha. Mjerumani Annika Schleu alikuwa anaongoza. Kwa kanuni za mchezo ule, mwanamichezo hakuja na farasi wake. Alipewa kwa kura, kisha akaachiwa dakika 20 za kuzoeana naye. Kura ikamwangukia farasi aitwaye Saint Boy, ambaye siku ile ile alikuwa amekwisha kugoma chini ya mpandaji mwingine. Schleu akaingia uwanjani, farasi akakataa. Mpandaji analia machozi, mjeledi unapanda na kushuka, farasi anarudi kinyumenyume. Kocha wake, Kim Raisner, akasikika akihimiza farasi achapwe, na mwenyewe akanyoosha mkono juu ya ua akampiga ngumi. Kocha huyo akaondolewa katika mashindano yaliyobaki. Schleu aliyekuwa wa kwanza akaporomoka hadi nyuma kabisa. Baadaye wakuu wa mchezo wakaamua kuwaondoa farasi moja kwa moja. Paris 2024 ikawa mara ya mwisho, na mahali pao pakawekwa mbio za kupita vikwazo kwa miguu na mikono ya mwanadamu mwenyewe.

Dunia ilimlaumu mpandaji, ikamlaumu kocha, na lawama zote hizo zilikuwa na haki yake. Lakini ni wachache waliouliza upande wa Saint Boy. Mnyama wa kilo kama 500, aliyekwisha kutishika mara moja, anapandwa na mtu wa pili asiyemjua, naye mtu huyo anatetemeka. Na farasi husoma mwili wa binadamu kuliko tunavyodhani. Pale Berlin, mwaka 1904, kulikuwa na farasi mmoja aliyeitwa Hans, aliyesifiwa kwamba anajua hesabu: akiulizwa, hugonga kwato mpaka jibu litimie. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akaonyesha kwamba Hans hakujua kujumlisha wala kutoa. Alikuwa anatazama kichwa na uso wa muulizaji, ule mshtuko mdogo ambao hata mwenyewe hakujua kwamba anautoa jibu linapofikiwa. Sasa kama mnyama anaona hilo akiwa mbali kwa hatua kadhaa, sembuse mtu aliyemkalia mgongoni, amembana mbavu kwa mapaja, hatamu zimekaza mikononi!

Basi msimamo wangu nautoa mapema, msikilizaji, usije ukaungoja mpaka mwisho. Farasi anayeitwa mkorofi, mara nyingi sana, ni farasi anayeumwa, au anayeogopa, au ambaye hakuelezwa anachotakiwa kufanya. Ukianza na mjeledi kabla hujajua ni kipi kati ya hivyo, unampiga mgonjwa kwa sababu amesema anaumwa.

Na hili la kuumwa lina ushahidi. Daktari wa mifugo wa Uingereza, Sue Dyson, amefanya kazi miaka mingi na farasi wanaochechemea. Mwaka 2018 yeye na wenzake walitoa orodha ya tabia 24 za kutazama farasi akiwa anapandwa. Masikio kulala nyuma kwa sekunde tano au zaidi. Kinywa kufunguka na kufumba mara kwa mara. Mkia kupigapiga. Ulimi kutoka nje. Kwenda upandeupande, kujikwaa, kukataa kusonga mbele. Farasi akionyesha nane au zaidi kati ya hizo, uwezekano ni mkubwa kwamba kuna maumivu ya misuli, viungo au mifupa. Ziangalie vizuri tabia hizo. Ndizo hizo hizo ambazo katika mabanda mengi zikitokea, mtu husema: huyu anataka kuonyeshwa nani mkubwa.

Mahali maumivu yanapojificha ni pengi. Meno ya farasi huendelea kutokeza maisha yake yote, na kingo za magego huwa kali kama hazipigwi tupa. Zinachana mashavu kwa ndani, na kila hatamu ikivutwa anaumia. Tandiko lisilomkaa linabana misuli ya mabega, au linalalia uti wa mgongo. Pingili za mgongo zinaweza kukaribiana mpaka zikagusana. Na tumbo, ambalo mara nyingi halifikiriwi. Tumbo la farasi hutoa asidi usiku na mchana, awe anakula au hali, kwa sababu aliumbwa kutafuna majani muda mwingi wa siku. Mate yake, ambayo ndiyo hupunguza makali ya asidi hiyo, hutoka akitafuna tu. Mfungie bandani, mpe nafaka mara mbili au tatu kwa siku badala ya majani, kisha mtoe mbio akiwa na njaa: asidi inarukia sehemu ya juu ya tumbo isiyo na kinga. Uchunguzi wa farasi wa mbio walio katika mazoezi umekuta vidonda vya tumbo kwa wengi mno, katika baadhi ya nchi hadi tisa kati ya kumi. Sasa mtu anakaza mkanda wa tandiko kwenye tumbo hilo, farasi anageuka kumng'ata, naye anashangaa.

Hapa ndipo turudi nyumbani, Ngong.

Uwanja wa mbio wa Ngong umekuwa pale tangu 1954, na farasi wanaokimbia pale ni wa uzao ule wa Kiingereza wa mbio, Thoroughbred, wembamba wa miguu, wepesi wa damu. Mbio ni kazi ya ujana. Ulimwenguni kote wengine huanza kukimbia wakiwa na miaka miwili, wakati mifupa ya mgongo haijamaliza kukomaa, jambo ambalo huchukua hadi miaka mitano au sita. Farasi mwenyewe anaweza kuishi miaka 25 na zaidi. Kwa hiyo anastaafu akiwa bado kijana kabisa, na maisha marefu yako mbele yake. Kwingineko angeuzwa ng'ambo. Hapa kwetu mlango huo ni mwembamba, kwa sababu ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaosambazwa na visubi wadogo wanaouma usiku. Punda milia huubeba bila kuugua, farasi hufa nao. Hapa huchanjwa kila mwaka, lakini nchi zisizo na ugonjwa huo hazitaki kuupokea, na sheria zao za kuingiza farasi kutoka huku ni ngumu. Kwa hiyo farasi aliyeshindwa Ngong kazi yake ya pili ni hapa hapa: shule za kupanda farasi za Karen na Langata, polo ya Nairobi, Gilgil na Nanyuki, kuruka vizuizi, au kubeba watalii porini. Akiharibika hana pa kupelekwa akasahaulike.

Na huyo anayetoka kwenye mbio mara nyingi hana shetani wala kichaa. Amefunzwa vizuri sana, ila amefunzwa kazi nyingine. Joki hukaa juu, magoti yamekunjwa, miguu haigusi mbavu. Siku mpandaji wa kawaida atakapomkumbatia kwa miguu miwili mirefu, farasi atadhani amevamiwa. Kwenye mbio, joki akishika hatamu kwa nguvu, farasi huziegemea na kuongeza mwendo. Kwenye shule ya kupanda, hatamu zikikazwa maana yake simama. Ni kama dereva aliyefundishwa tangu utotoni kwamba taa nyekundu ni ya kupita. Mwanafunzi akiogopa anavuta, farasi anaenda. Anavuta zaidi, farasi anatoka shoti. Wakianguka, jina linapatikana: mkorofi.

Hata kupandwa kwenyewe ni somo jipya. Joki hurushwa mgongoni na saisi huku farasi anatembea. Hakuna aliyewahi kumwambia asimame tuli mtu akipanda. Wafunzaji wenye subira huweka kigoda cha kupandia, wakamleta farasi kando yake, na siku ya kwanza hapandwi. Mtu anapanda juu ya kigoda, anasimama, basi. Farasi anamwona kwa juu, mahali ambapo kwa silka yake ndipo simba angerukia. Anainua kichwa, pua zimetanuka, ngozi ya ubavu inatetemeka kama imetuliwa na nzi. Mtu hasogei. Farasi anashusha kichwa kidogo. Mtu anashuka, wanatembea mzunguko mmoja, wanarudi. Kesho yake mkono unapita mgongoni. Siku nyingine mtu analala kwa tumbo juu ya tandiko kama gunia, akashuka kabla farasi hajaingiwa na wasiwasi. Mpita njia akitazama ataona watu wasio na kazi. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa, na farasi anayesimama tuli kando ya kigoda, hatamu zimelegea juu ya shingo, ameundwa hivyo, dakika kwa dakika.

Ila nimeruka hatua. Kabla ya kigoda kuna miezi ya kutofanya kitu. Daktari wa mifugo anaangalia meno, mgongo, miguu, tumbo. Panapohitajika dawa ya vidonda inatolewa. Viatu vya chuma vinang'olewa, kwato zipumue. Nafaka inapunguzwa, majani yanaongezwa. Kisha farasi anaachiwa malishoni na wenzake. Wengine hukaa hivyo miezi mitatu, wengine nusu mwaka. Wenye farasi hawaipendi hatua hii kwa sababu wanalipa chakula na hawaoni kinachofanyika. Mimi naona ndiyo yenye faida kuliko zote. Farasi ni mnyama wa kundi. Akiwa peke yake bandani saa 22 kati ya 24, anatafuna mbao, anayumbayumba kulia na kushoto, anameza hewa. Mrudishe kundini akae na jike mzee mwenye busara, na mengine yatapungua bila ya mwalimu yeyote.

Saisi ndiye anayejua mambo yanapoanza kubadilika, na mara nyingi haulizwi. Farasi husinzia akiwa amesimama, lakini usingizi mzito haupati mpaka alale chini, na anauhitaji walau nusu saa hivi kwa siku. Asiyejiona salama halali chini. Aumwaye mgongo naye huogopa kulala kwa kuwa kuinuka ni adhabu. Kwa hiyo saisi akifungua banda alfajiri akakuta maranda yamegandamana ubavuni na kwenye paja la farasi, anajua usiku umekuwa mwema. Hiyo ni habari kubwa kuliko maneno ya mnunuzi yeyote. Ningekuwa na banda, ningemwuliza saisi kila asubuhi: amelala chini?

Sasa kuna jambo ambalo wapenda wanyama wengi hawapendi kulisikia. Kuondoa maumivu hakuondoi tabia. Farasi aliyeumia mgongo akajifunza kwamba akisimama kwa miguu ya nyuma mtu hushuka, atasimama kwa miguu ya nyuma hata mgongo ukipona. Amejifunza, na farasi hasahau upesi. Hapo ndipo kazi ya mafunzo inapoanza hasa, na kanuni yake ni fupi kuisema, ngumu kuitenda: somo limo katika kulegeza. Unavuta kamba kidogo tu. Farasi anakaza shingo. Huongezi nguvu, wala hulegezi. Akitoa hatua, hata nusu hatua, kuelekea unakotaka, unalegeza papo hapo, si baada ya sekunde tatu. Ukichelewa, utakuwa umemsifia jambo jingine. Ukilegeza akiwa hewani, miguu ya mbele inakata upepo, basi umemfundisha kwamba ndiyo njia. Nadhani farasi wengi hatari waliharibiwa hivyo: si na katili, bali na mtu mwoga aliyelegeza wakati mbaya, kwa kosa ambalo ni la kibinadamu kabisa. Ndiyo maana farasi aliyeharibika hapewi mpandaji mgeni. Anahitaji mtu ambaye mkono wake unajua kusubiri.

Watu wamelitafuta suluhisho la haraka tangu zamani. Mwaka 1858 Mmarekani aitwaye John Solomon Rarey, mtu wa Groveport, Ohio, alikuwa gumzo la Uingereza. Alionyesha ufundi wake mbele ya Malkia Victoria huko Windsor. Kisha akapewa Cruiser, farasi dume wa Lord Dorchester, aliyefungwa kinywa kwa chuma kwa sababu ya kung'ata, na ambaye watu walikuwa hawamkaribii. Baada ya saa kama tatu Rarey alikuwa amempanda. London ikajaa kumtazama, na baadaye Cruiser akapelekwa Marekani pamoja naye. Alifanyaje? Alifunga mguu mmoja wa mbele kwa mkanda, ukakunjwa. Farasi wa miguu mitatu hawezi kupiga teke wala kukimbia. Akachoka, akalazwa chini, na akiwa chini Rarey akampapasa mwili mzima kwa upole, akimwonyesha kwamba hadhuriki.

Kwa wakati ule, ukilinganisha na waliokuwa wakiwavunja farasi kwa njaa na marungu, Rarey alikuwa mwungwana. Sitamkosea heshima. Lakini leo wanaochunguza tabia za wanyama wangeuliza: farasi yule alitulia, au alikata tamaa? Tangu miaka ya 1960 wanasaikolojia wamejua kwamba mnyama akionyeshwa kuwa hakuna anachofanya kitakachomwokoa, huacha kujaribu. Kwa nje anaonekana mtulivu, ndani yake hofu iko pale pale, na siku moja, kwa sababu ambayo hakuna anayeiona, inaripuka.

Mwaka 1989, Windsor hiyo hiyo, Malkia Elizabeth II alimwalika mtu mwingine kutoka Marekani, Monty Roberts wa California. Yeye hakufunga mguu. Alimwachia farasi katika duara lenye ua, akamfukuza azunguke huku akimkazia macho, mpaka farasi aliposhusha kichwa na kuanza kutafuna na kulamba midomo; hapo alimgeuzia bega, na farasi akamfuata. Kitabu chake kikasomwa dunia nzima. Inapendeza kutazama, na imewafanya watu wengi waache marungu, si haba. Lakini nayo ina wapinzani wenye hoja. Wengine husema kule kulamba midomo si kukubali, bali ni mwili unatoka katika hofu. Na duara halina pembe ya kukimbilia. Farasi anamfuata mtu kwa sababu mahali pengine pote ni pa kukimbizwa. Nikitazama maonyesho ya namna hiyo, ya jioni moja mbele ya watu waliolipa kiingilio, huwa najiuliza huyo farasi yukoje Jumatano ijayo, mtaalamu akiwa keshaondoka na mwenyewe ndiye anayeshika kamba.

Mgiriki Xenophon aliandika juu ya farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na shauri lake moja lilikuwa kwamba usimwendee farasi ukiwa na hasira. Alikuwa mwanajeshi, hakuwa mtu wa kudekeza. Alijua tu kwamba farasi aliyetishwa vitani angemwua yeye kwanza.

Kuna mchezo mmoja wa farasi ambao una kitu ninachokipenda, nao wasikilizaji wetu walioko Oman na Emirates wanaujua: mbio za masafa marefu jangwani, hadi kilomita 160 kwa siku moja. Umekuwa na aibu zake. Mwaka 2015 shirikisho la kimataifa liliwasimamisha Emirates kwa muda kwa sababu ya hali ya farasi. Lakini kanuni yenyewe ni nzuri. Kila baada ya kipande cha njia farasi husimamishwa, daktari anampima. Mapigo ya moyo yasiposhuka hadi 64 kwa dakika katika muda uliowekwa, au akichechemea, ametoka. Awe wa mfalme, awe wa nani. Laiti na sisi kwenye shule zetu za kupanda tungekuwa na mtu wa kusimama langoni na kusema: huyu leo hatoki.

Turudi kwa farasi wetu wa Ngong. Baada ya kigoda na kamba, kazi huenda haraka zaidi kuliko mtu anavyotarajia. Farasi huyu kumbuka ana nguvu, ana pumzi, amezoea umati na kelele, amezoea kupandishwa gari. Anajifunza kutembea kwanza, halafu mwendo wa matiti kwenye duara kubwa, mpandaji amekaa wepesi, hatamu ndefu. Wengi huyumba, kwa sababu kukata kona ndogo wakiwa na mtu mgongoni ni jambo la misuli, na misuli hiyo haijajengwa. Fito zinalazwa chini avuke. Zikizoeleka zinainuliwa kidogo. Anayeruka kwa furaha utamjua: masikio yako mbele kabla ya kizuizi, si nyuma. Shoti inaachwa mpaka mwisho, kwa sababu ndiko kumbukumbu zote za zamani ziliko, na haifanywi kamwe sambamba na farasi mwingine katika miezi ya mwanzo. Wawili wakienda bega kwa bega, uwanja wa Ngong unamrudia kichwani.

Kenya ina mfano wake wa subira ya namna hii. Beryl Markham, yule aliyeruka Atlantiki kwa ndege mwaka 1936, alikuwa kwanza mfunzaji wa farasi, akiwa msichana wa Njoro aliyepata leseni bado hajafika miaka 20. Katika kitabu chake cha 1942, West with the Night, anasimulia juu ya jike aitwaye Wise Child, ambaye kano zake zilikuwa zimeharibiwa na mazoezi mabaya kabla hajafika mikononi mwake. Akamjenga upya kidogo kidogo, na mwaka 1926 akashinda St Leger ya Kenya. Ilikuwa mbio, si kuruka vizuizi, lakini kazi ni ile ile: mwili kwanza, tabia baadaye, ushindi ukipatikana upatikane.

Hadithi nyingine ambayo wanunuzi wanaipenda kupita kiasi ni ya Snowman. Februari 1956, huko Pennsylvania, Harry de Leyer, mhamiaji kutoka Uholanzi, alimnunua kwa dola 80 farasi wa jembe aliyekuwa amekwisha kupakiwa kwenda machinjioni. Alipouzwa kwa jirani, akaruka ua baada ya ua kurudi kwa de Leyer. Mwaka 1958 na 1959 alikuwa bingwa wa kuruka katika Madison Square Garden, New York. Ni kweli yote hayo. Lakini tazama: Snowman hakuwa mkorofi. Alikuwa mpole aliyechoka. Mtu anayesikia hadithi hii akaenda kununua farasi wa bei chee anayepiga mateke, akitumaini kuwa bingwa, anajinunulia jeneza au mkono uliovunjika. Bei ya farasi ni sehemu ndogo ya gharama. Daktari, mfua viatu, majani, saisi, mwalimu, na mwaka mzima bila ya kumpanda: humo ndimo fedha inamoishia.

Na wapo wasiotengenezeka kwa kupandwa. Hili lazima lisemwe hewani. Mgongo ulioharibika haupoi kwa mapenzi. Kano iliyokatika mara mbili haitaruka tena. Wapo pia ambao mwili umepona na akili imekataa, na kila akiona tandiko anatoa jasho. Farasi kama huyo aachwe malishoni, kama mwenyewe ana uwezo wa kumlisha miaka hiyo iliyobaki. Na kama hana, daktari amlaze kwa amani. Ni bora hivyo kuliko kumpeleka mnadani na kumnyamazia mnunuzi, kisha mtoto wa watu apandishwe juu yake kwenye shule fulani Jumamosi asubuhi. Yanafanyika hayo. Anayefanya hivyo anajijua.

Sisi Waswahili tuna usemi kwamba asante ya punda ni mateke, na tumeuhamishia kwa kila mnyama mwenye kwato. Nimekuwa nikiutilia shaka. Mateke hayatoki hewani. Yalitanguliwa na masikio kulala, mkia kupiga, uzito kuhamia mguu mmoja, na mtu aliyesimama pale hakuangalia.

Kwa hiyo, msikilizaji, kama uko Karen, Nanyuki, Muscat au popote, na umepewa ofa ya farasi wa bei nafuu kwa kuwa ana tabia: usimlipie siku hiyo. Mlipe daktari kwanza amwangalie meno, mgongo, miguu na tumbo. Mwulize saisi wake, si mwenyewe, anakulaje na analala chini au halali. Mwone akitandikwa, si akiwa tayari ametandikwa. Na kama huwezi kumwacha miezi sita bila ya kumpanda, mwachie mwingine anayeweza.